Mtoto Aliyesifiwa kwa Sura: Uchambuzi wa Kisa cha Björn Andrésen

Kipande cha filamu kipo, na anayetaka kukielewa kisa hiki aanzie hapo. Ni Februari 1970, jijini Stockholm. Luchino Visconti, mwongozaji wa Kiitalia mwenye umri wa miaka 63, ameketi chumbani na wasaidizi wake. Ameshazunguka nchi kadhaa za Ulaya akimtafuta mvulana mmoja tu wa kuigiza katika filamu yake Morte a Venezia (Kifo mjini Venice), na kamera ya televisheni ya Italia inaurekodi msako wake. Wavulana wanaingia, wanatazamwa, wanashukuriwa, wanatoka. Kisha anaingia Björn Andrésen, aliyetimiza miaka 15 mwezi uliopita. Watu wazima wanaanza kusemezana kwa haraka, kwa lugha asiyoielewa. Anaulizwa umri wake. Anaambiwa atabasamu, ageuke, atembee, aitazame kamera. Anafanya yote. Halafu anaambiwa avue shati. Hapo anasita. Anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayedhani hakusikia sawasawa, anamtazama huyu, anamtazama yule, kama anayetafuta uso utakaomwambia kwamba si lazima. Uso wa namna hiyo haumo chumbani. Anavua.

Nimekitazama kipande hicho zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza nilimtazama mtoto, kama kamera inavyotaka. Siku hizi nawatazama wale waliomzunguka. Wana karatasi, wana haraka, wana furaha ya watu waliochoka kutafuta na sasa wamepata. Sioni mtu mbaya wa kumnyooshea kidole kirahisi. Naona chumba kizima cha watu waliokuja kwa ajili ya filamu, na mtoto mmoja ambaye hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Kisa cha Andrésen kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha uzuri uliogeuka laana. Simulizi hiyo siikubali, kwa sababu inawaachia wote huru. Uzuri haukumfanya lolote. Kilichomfika ni maamuzi, yaliyofanywa na watu wanaojulikana, katika siku zinazojulikana, na karibu kila uamuzi ungeweza kwenda vingine. Kwa hiyo hapa nitayapitia maamuzi hayo kwa zamu, hasa ya miaka ile miwili, 1970 na 1971, ambamo kazi yake ya uigizaji ilizaliwa na, kwa namna moja, ikamalizika.

Alizaliwa Stockholm tarehe 26 Januari 1955. Baba yake hakumjua. Alipokuwa na miaka 10 mama yake alitoweka, akaja kupatikana msituni akiwa amefariki. Alikuwa amejitoa uhai. Watoto wakabaki mikononi mwa babu na bibi, wazazi wa mama. Nyumbani humo, kwa alivyosimulia yeye mwenyewe ukubwani, habari za mama zilifungwa, hazikuzungumzwa. Alipelekwa shule ya muziki ya Adolf Fredrik, shule ya Stockholm inayojulikana kwa kwaya zake, na huko ndiko moyo wake ulikokuwa: piano, gitaa, bendi. Aliyetaka filamu alikuwa bibi. Bibi alitamani kuwa na mjukuu maarufu, na ndiye aliyemsukuma kwenye usaili mmoja baada ya mwingine.

Sitaki kumhukumu bibi huyo kwa ukali. Alikuwa mwanamke aliyemzika binti yake na kubaki na wajukuu wa kulea, na pengine aliiona kamera kama mlango wa kumtoa mtoto kwenye msiba. Lakini katika uchambuzi wa kisa lazima jambo liitwe kwa jina lake. Mlezi pekee mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa niaba ya mtoto alikuwa na hamu kubwa kuliko wote ya kusema ndiyo.

Watu wengi husahau kwamba Visconti hakumwanzisha. Andrésen alishapata nafasi ndogo katika filamu ya kwanza ndefu ya Roy Andersson, En kärlekshistoria, iliyotoka Uswidi Aprili 1970. Mtu akiitazama leo anaona njia nyingine ambayo kijana yule angeweza kuipita. Ni filamu ya vijana wa Stockholm wakiwa vijana: pikipiki ndogo, sigara za kuiba, mapenzi ya kiangazi, na wazazi wenye huzuni zao pembeni. Waigizaji wakuu, Ann-Sofie Kylin na Rolf Sohlman, walikuwa wa rika lao halisi, na filamu inawaacha wakosee, wanyamaze, wachekeane ovyo. Kamera ya Andersson inawangoja vijana wafanye jambo. Kwa mtoto asiyejua bado kama anaitaka kazi hii, shule ya namna hiyo ndiyo inayofaa, maana mwigizaji huijua kazi kwa kufanya: anajaribu, anakosea, anarudia, anagundua kwamba jambo fulani analiweza. Nafasi ikiwa ndogo si hoja. Nafasi ndogo tatu au nne za aina ile, kati ya miaka 15 na 20, zingemtosha kuamua kama yeye ni mwigizaji au ni mpiga piano aliyepita kwenye filamu.

Badala yake akaitwa Tadzio.

Filamu ya Visconti ilitokana na riwaya fupi ya Thomas Mann, Kifo mjini Venice, iliyotoka mwaka 1912. Inamhusu mwandishi mzee wa Kijerumani anayemwona hotelini mvulana wa Kipolandi wa miaka 14, Tadzio, akapumbazwa naye, akabaki mjini humo huku kipindupindu kikienea na wakubwa wa mji wakikificha ili wageni wasikimbie. Visconti alimgeuza mwandishi kuwa mtunzi wa muziki, akampa mwigizaji wa Uingereza Dirk Bogarde nafasi hiyo, na akaifunika filamu nzima kwa muziki wa Mahler. Mvulana katika kisa hicho hatakiwi kuwa mtu kamili. Ni kile mzee anachokiona. Hana mazungumzo ya maana na mzee hata mara moja.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu kuna mtoto mwingine nyuma ya huyu. Mann mwenyewe alikaa Lido ya Venice mwaka 1911, akamwona mtoto wa kweli wa familia ya kikabaila ya Poland, Władysław Moes. Moes alikuja kujitambua kwenye kitabu akiwa mtu mzima. Hakuna aliyemuuliza alipokuwa mtoto kama anapenda kuwa ndoto ya mtu. Kwa hiyo Andrésen alipopewa vazi la mabaharia lililobuniwa na Piero Tosi, alikuwa anavishwa nafasi ambayo tangu asili yake ilichukuliwa kwa mtoto bila kuulizwa. Silisemi hili kuipinga riwaya wala filamu. Zote mbili zinajua vizuri kwamba mzee yule amepotea njia. Nalisema kwa sababu waliokuwa wanaigiza hadithi ya mtoto anayekodolewa macho na mtu mzima walipaswa kuwa wa kwanza kutambua kinachotokea pale upigaji ulipokwisha na macho yakabaki.

Filamu ilipigwa mwaka huohuo wa 1970. Andrésen alisimulia kwamba maelekezo ya Visconti kwake yalikuwa manne: nenda, simama, geuka, tabasamu. Wengine hulitaja jambo hili kuthibitisha kwamba kijana hakuigiza, aliwekwa tu mbele ya lenzi kama ua mezani. Mimi nawaomba waitazame tena kazi yenyewe. Kuna mahali Tadzio anatembea ufukweni mbele ya mzee na kuzungukazunguka kwenye nguzo za vibanda vya waogaji, nguzo baada ya nguzo, huku akijua kwamba anatazamwa. Mwendo ule una mchezo wa kitoto na una ujuzi wa mtu anayepima athari yake, vyote kwa pamoja, na hakuna kimoja kinachomshinda mwenzake. Jambo hilo ni gumu. Kuna waigizaji waliosomea miaka minne ambao wangelizidisha. Kuna pale anapokaa kwenye piano hotelini na kugusa vipande vya Beethoven kwa kidole kimoja kimoja, kwa uvivu, kama mtoto aliyechoshwa na mchana. Na kuna mwisho, anapoingia majini, anasimama mkono kiunoni, kisha anaunyoosha mwingine kuelekea upeo wa bahari. Hakupewa neno hata moja la kujiegemeza, na bado kila mtu anaikumbuka picha hiyo.

Kwa hiyo kazi ilifanyika. Alikuwa na sikio la muziki, na ukimtazama vizuri utaona kwamba anacheza kwa mapigo: anajua wakati wa kusita, anajua urefu wa mtazamo kabla haujawa mwingi. Kama mtu mmoja tu angemwambia hivyo, kwa lugha ya kazi, "ulisita kwa wakati unaofaa pale kwenye nguzo," angekuwa na kitu cha kuondoka nacho. Badala yake aliambiwa, na dunia yote ikaambiwa, kwamba ni mzuri.

Hali ya seti yenyewe inahitaji kuelezwa kwa haki. Bogarde, katika kumbukumbu zake, aliandika kwamba mtoto alikatazwa kukaa juani, kupiga mpira na wenzake, hata kuogelea baharini, ili sura isiharibike, na kwamba yeye Bogarde alikuwa na hakika kuwa kijana hakuwahi kuitaka filamu. Upande mwingine, Andrésen alisema kwamba Visconti aliwaamuru watu wa kikosi wamwache kabisa, wasimsogelee. Ulinzi ulikuwepo, basi. Lakini tuangalie ulikuwa ulinzi wa nini. Ngozi isiungue, uso usipate kovu, mtoto asivurugwe kabla ya kupiga picha. Ulifanana na ulinzi wa kamera na mataa: mali ya kazi inayotunzwa hadi kazi iishe. Siku ya mwisho ya upigaji ilipopita, amri ile ilikwisha nguvu, na hakuna aliyeirithi.

Tarehe 1 Machi 1971 filamu ilizinduliwa London, Malkia Elizabeth wa Pili akiwepo pamoja na binti yake Anne. Ni wakati huo ambapo Visconti alimtambulisha Andrésen kuwa mvulana mzuri kuliko wote duniani. Maneno hayo yakawa jina lake. Nataka nikae hapa, maana kwa maoni yangu uamuzi huu ndio uliomfungia mlango kuliko mwingine wowote.

Ukimsifu mwigizaji kijana kwa alichofanya, unampa mtaji. Ukisema amelia vizuri, amenyamaza vizuri, amembeba mwenzake kwenye tukio gumu, anaweza kwenda kufanya hivyo tena na kuongeza. Ukimsifu kwa sura, unampa kitu ambacho hawezi kukifanyia kazi. Hawezi kuamka mapema akaongeze uzuri. Kila mwezi unaopita unampunguzia. Na mwongozaji mwingine anayemwita, anaitwa na ile sifa, hamwiti yeye. Atapewa tena nafasi ya kutazamwa, si ya kutenda, na akiikataa ataonekana hana shukrani. Sasa weka ongezeko la neno "duniani", litamkwe na mtu mwenye heshima ya Visconti, mbele ya magazeti ya Ulaya nzima. Kijana wa miaka 16 atapita wapi?

Jibu lilikuja baada ya miezi michache tu, Mei 1971, kwenye tamasha la filamu la Cannes. Visconti alipewa tuzo maalumu ya miaka 25 ya tamasha. Kwenye mkutano na waandishi wa habari, mtoto akiwa ameketi palepale mezani, Visconti alizungumza kwa Kifaransa, lugha ambayo kijana hakuimudu, akatania kwamba sasa amekua na uzuri wake si ule tena wa wakati wa filamu. Ukumbi ukacheka. Katika picha za siku hiyo unamwona Andrésen akitabasamu na wanaocheka, kwa adabu, bila kujua kwamba anachekwa yeye. Sifa iliyotolewa mwezi Machi imeanza kunyang'anywa mwezi Mei. Hakuwa ametimiza hata miaka 17.

Usiku mmoja wa Cannes alipelekwa na kundi la filamu kwenye klabu ya watu wazima. Miaka mingi baadaye alimweleza mwandishi wa gazeti la Guardian jinsi alivyotazamwa mle ndani, kama sahani ya nyama, na jinsi alivyohisi kwamba hawezi kuonyesha karaha yake kwa sababu wenyeji wake ndio wenye mustakabali wake mkononi. Swali la kisa hiki haliwahusu wateja wa klabu ile, waliokuwa mahali pao, usiku wao. Linamhusu aliyemwingiza mtoto. Mtu mzima mmoja angesema, "Huyu ana miaka 16, mrudisheni hotelini," mambo yangeishia hapo. Sentensi yenyewe ni fupi kiasi hicho.

Kisha Japani. Filamu ilipokelewa huko kwa kishindo ambacho Ulaya haikukiona, na Andrésen akapelekwa mwaka huohuo. Mashabiki walimjaa viwanja vya ndege na hotelini. Alirekodi nyimbo kwa Kijapani, lugha asiyoijua, akakariri silabi. Alitangaza chokoleti. Alisimulia ukubwani kwamba alipewa vidonge ili aihimili ratiba. Na bado, katika yote yaliyomfika miaka ile, Japani ina sura mbili, nami sitaki kuificha ile ya pili. Kuna wasanii wa katuni ambao uso wake uliwafungulia jambo jipya kabisa. Riyoko Ikeda, mtunzi wa hadithi ya Lady Oscar katika kasri la Versailles iliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, amesema wazi kwamba alimtumia Andrésen kama kielelezo. Tangu hapo sura za wavulana na wasichana wa katuni za Kijapani, macho yale, nywele zile zinazoanguka usoni, zina kitu chake. Watu wengi wamekua na katuni hizo bila kujua kwamba wanamtazama kijana wa Stockholm. Ni urithi mkubwa. Haukumpa kazi.

Na muziki? Hili ndilo linaloniuma. Japani walimpa maikrofoni, jambo ambalo Visconti hakufanya. Lakini walimpa wimbo uliokwisha kutungwa, kwa lugha isiyo yake, ili jina liuze sahani za santuri. Mwanafunzi wa Adolf Fredrik, aliyejua kusoma noti na kupiga piano, alifika kwenye studio ya kurekodi kama picha iliyotiwa sauti. Mlango wa kitu alichokipenda ulifunguliwa, na kilichoingizwa mlangoni kilikuwa tena ni sura.

Hapa tufike kwenye sheria, maana kisa hakikamiliki bila hiyo. Tangu 1939 jimbo la California lina sheria inayojulikana kwa jina la Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, ambaye alipofika utu uzima aligundua kwamba mama yake na baba wa kambo wamemaliza fedha zake. Sheria ile inalazimisha sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe akiba. Ni nzuri, na imewaokoa wengi. Lakini inalinda mfuko. Aliyeibiwa uso hana akaunti ya kurudishiwa.

Mfano wake uko wazi. Mwaka 2003 mwandishi Germaine Greer alitoa kitabu kuhusu wavulana katika historia ya sanaa, na kwenye jalada kukawa na uso wa Andrésen wa ujana, katika picha ya David Bailey. Andrésen, wakati huo akiwa na miaka 48, alilalamika kwamba hakuulizwa na asingekubali. Alijibiwa kwamba mwenye hakimiliki ya picha ni mpiga picha, na ruhusa yake ilichukuliwa. Kisheria jibu hilo linasimama. Kwa mtu aliyeko ndani ya picha, lina maana kwamba zaidi ya miaka 30 tangu siku ya shati, bado uamuzi kuhusu uso wake unafanywa na watu waliomo chumbani, naye hayumo.

Ningependa nilinganishe na watoto wengine wa Uswidi, kwa sababu kuna anayesema kwamba umaarufu wa utotoni huwaharibu wote. Si kweli. Mwaka uleule wa 1971 ambao Andrésen alizungushwa London, Cannes na Japani, mwongozaji Olle Hellbom alikuwa Småland, kwenye shamba la Gibberyd, akipiga filamu ya Emil, mtoto mtundu wa hadithi za mwandishi Astrid Lindgren. Mtoto mkuu alikuwa Jan Ohlsson. Akaigiza filamu hizo, akawa uso unaojulikana na kila nyumba ya Uswidi, kisha akaacha, akaenda zake kwenye kazi ya kompyuta. Bertil Guve, mtoto wa Fanny och Alexander ya Ingmar Bergman ya 1982, alikuja kuwa msomi wa uchumi. Anton Glanzelius aliigiza katika filamu ya Lasse Hallström ya 1985, Mitt liv som hund, na akapewa Guldbagge, tuzo kuu ya filamu ya Uswidi, ya mwigizaji bora. Naye baadaye hakuendelea sana na uigizaji, akafanya kazi ya televisheni.

Sisemi kwamba kwao mambo yalikuwa laini. Inger Nilsson, aliyeigiza tangu 1969 kama Pippi, msichana mwingine wa hadithi za Lindgren, alisumbuka miaka mingi kwa sababu waongozaji walimwona Pippi tu. Lakini angalia tofauti ya msingi. Emil alisifiwa kwa utundu uliochekesha, yaani kwa kitu alichokifanya Jan Ohlsson. Glanzelius alipewa sanamu mkononi iliyoandikwa kazi ya mwigizaji. Wote hao walifanya kazi kwa lugha yao, katika nchi yao, mahali ambapo mzazi au mlezi angeweza kusikia kila kinachosemwa na kuingilia. Na walipotaka kuacha waliacha, wakawa na jambo la kuacha. Andrésen hakuwa na kazi aliyoweza kujiuzulu. Unajiuzulu vipi kutoka kwenye uso wako?

Nilijiuliza kama ningekuwa mshauri wa familia ile mwaka 1970 ningesema nini, na sidhani ningesema akatae filamu. Kufanya kazi na Visconti, Tosi na Bogarde kwa miezi kadhaa ni jambo ambalo kijana yeyote mwenye kipaji angefaidika nalo. Ningetaka awepo mtu mmoja anayelipwa na familia, si na watayarishaji, asiye na faida yoyote filamu ikifanikiwa, na ambaye akiwa chumbani ana haki ya kusimama na kusema tumalize kwa leo. Ningetaka mkalimani wake mwenyewe, siyo wa kikosi. Ningetaka mkataba useme waziwazi picha zake zitumike kutangaza filamu hiyo na si kitu kingine chochote, na muda uwe na mwisho. Ningetaka safari za matangazo zihesabiwe kama siku za kazi, zenye saa za kulala. Na kabla filamu haijatoka, ningetaka awe ameshakubali kazi ya pili, ndogo, kwa Kiswidi, yenye maneno ya kusema, ili dunia ikija kumpigia hodi imkute yuko kazini.

Hiyo ya mwisho ndiyo naiona muhimu kuliko zote, na ndiyo iliyokosekana kabisa. Baada ya 1971 hakuna aliyekuwa amemwandalia chochote. Katikati ya miaka ya sabini alikaa Paris karibu mwaka mzima akiingojea filamu ambayo haikupigwa, akiishi kwa fedha za watu waliopenda kuonekana naye. Alirudi Uswidi, akapiga piano kwenye bendi za dansi, akaigiza hapa na pale katika filamu na televisheni za nyumbani. Alioa, akapata watoto, akampoteza mmoja akiwa mchanga, akapita katika kipindi kirefu cha pombe na huzuni. Yote hayo aliyaeleza mwenyewe katika filamu ya hali halisi ya Kristina Lindström na Kristian Petri iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2021. Ndimo kile kipande cha usaili kilimorudi kutazamwa na watu wengi, na kwa mara ya kwanza wengi wakakiona kwa jicho la mtoto.

Filamu hiyo inampa kitu ambacho kazi yake ya awali haikumpa: sauti. Anazungumza taratibu, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe ndefu na ndevu, akivuta sigara, akitafuta neno sahihi na kuliacha lisilofaa. Anafika mbele ya piano na vidole vinajua vinakokwenda. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameonekana katika filamu ya Midsommar ya Ari Aster, ya 2019, katika nafasi ya mzee wa kijiji anayejirusha kutoka kwenye mwamba mbele ya kusanyiko. Nafasi fupi, karibu haina maneno. Uso uleule, sasa una makunyanzi, unaitazama kamera bila kuomba chochote, na nilipoutazama niliona tena lile sikio la mapigo: anasimama kwenye ukingo wa mwamba, anasita kwa urefu unaotakiwa, hazidishi hata kidogo. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu zile nguzo za ufukweni. Kipaji kilikuwa palepale.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 2025, akiwa na miaka 70. Habari zilipotoka, katika lugha nyingi, vichwa vya habari vilimtaja kwa yale maneno ya Visconti kabla ya kumtaja kwa jina, na picha zilizowekwa juu yake zilikuwa za mwaka 1970.